Pikipiki mpya ya safari ndefu na siri mbili zinazofichuliwa na mlima

WASAFIRI wanaotoka Nairobi kuelekea Bonde la Ufa asubuhi za wikendi wamezoea kuona misafara midogo ya pikipiki kubwa, zenye masanduku pembeni na kioo kirefu mbele, zikiyapita malori kana kwamba mlima haupo. Kwa mtazamaji, hizo ni mashine za wenye nafasi. Kwa anayeiendesha kwa mara ya kwanza, hasa yule aliyejifunza kwa pikipiki ndogo, ni mtihani ambao maswali yake huanza kuulizwa lami inapoanza kujipinda.

Sifa mbili husikika kila mara kutoka kwa watu waliotoka tu kuijaribu pikipiki ya aina hiyo. Ya kwanza ni kwamba haina uzito ikishaondoka. Ya pili ni kwamba haionekani kwenda kasi. Zote mbili ni za kweli kwa kadiri ya hisia za mwili, na zote mbili ni za hatari, kwa kuwa uzito na kasi havijaenda popote. Wahandisi wamevificha kwa ustadi mkubwa, na barabara ya mlimani ndiko vinakotoka mafichoni.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo lenyewe, ni vyema kuanza na pikipiki ambayo Wakenya wengi wanaifahamu. Boxer ya Bajaj inayobeba abiria kila kituo cha bodaboda ina injini isiyofikia sentimita za ujazo 150, nguvu za farasi 12 hivi na uzito wa takriban kilo 120. BMW R 1300 GS, iliyozinduliwa mwaka wa 2023, ina injini ya sentimita za ujazo 1,300, nguvu za farasi 145 na uzito wa kilo 237 tanki likiwa na mafuta. Africa Twin ya kampuni ya Honda, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,084, ina nguvu za farasi zipatazo 100 na uzito wa kilo 226. Hizo ni kilo kabla ya masanduku, hema, maji na abiria.

Kwa maneno mengine, anayetoka kwenye pikipiki ya kwanza na kupanda ya pili ameongeza uzito mara mbili na nguvu mara kumi na mbili, ilhali leseni yake, macho yake na mazoea ya mikono yake ni yale yale ya jana.

Pikipiki za mtindo huu hazikuanza leo. BMW ilitoa R 80 G/S mwaka wa 1980, ikiunganisha starehe ya safari ya lami na uwezo wa kupita njia za vumbi, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda mashindano ya Paris-Dakar kwa pikipiki ya aina hiyo. Mwaka wa 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Kenya wakitoka Uskoti kuelekea Cape Town katika safari ya filamu ya Long Way Down, na baada ya hapo wengi walioitazama wakajiona wako tayari. Filamu haikuonyesha sana ni mara ngapi pikipiki nzito huanguka ikiwa imesimama.

Uzito unaosubiri kusimama

Na hapo ndipo siri ya kwanza inapoanzia. Pikipiki inapokwenda, magurudumu yake yanayozunguka na umbo la uma wake wa mbele huisaidia kujisimamisha yenyewe. Mwendeshaji habebi chochote. Ndiyo sababu mtu wa kilo 60 anaweza kuipeleka mashine ya kilo 300 upande wowote kwa kuugusa usukani tu. Lakini kasi ikipungua hadi ile ya mtu anayetembea, msaada huo hutoweka, na kilo zote humrudia mwenyewe kwa mara moja.

Katika uwanja tambarare wa muuzaji, jambo hilo halitambuliki. Miguu yote miwili inafika chini, au vidole vyake angalau. Mlimani mambo ni tofauti. Anayesimama kwenye kona inayopanda ili kulipisha lori hugundua kwamba upande mmoja ardhi iko chini zaidi kuliko alivyodhani, mguu unatafuta lami na kukuta hewa. Pikipiki ikishainama kupita kiasi fulani, hakuna misuli inayoweza kuirudisha, na mwenye busara huiachilia ianguke badala ya kuacha mguu wake chini yake.

Masanduku huongeza shida hiyo kwa njia isiyoonekana. Mzigo ukifungwa juu na nyuma kabisa, springi za nyuma hukaa chini, sehemu ya mbele ikainuka, taa ikamulika miti badala ya barabara na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vina jedwali la kukaza springi na kuongeza upepo wa tairi kulingana na mzigo. Ukurasa huo husomwa na wachache, na aghalabu baada ya safari ya kwanza. Vitu vizito vikiwekwa chini ndani ya masanduku, karibu na mwili wa pikipiki, na vyepesi juu, tofauti yake huhisika katika kona ya kwanza.

Kimya kinachodanganya

Siri ya pili, ile ya kasi, hujitokeza mapema kuliko ya kwanza. Pikipiki ndogo ikifika kilomita 80 kwa saa humweleza mwendeshaji wake kila kitu: injini inapiga mayowe, usukani unatetemeka, upepo unampiga kifuani. Mwili wenyewe hutoa onyo. Katika pikipiki ya safari, kioo cha mbele huupeleka upepo juu ya kofia, injini hunguruma polepole katika gia ya sita, na springi humeza mashimo. Kilomita 110 kwa saa hufanana na 60 ya zamani.

Mtu anayeteremka kutoka nyanda za Limuru kuelekea Mai Mahiu anaweza kuliona hilo vizuri. Barabara hiyo ya zamani, ambayo ujenzi wake uliwahusisha mateka wa kivita wa Italia waliojenga pia kanisa dogo lililo kando yake mwaka wa 1942, hushuka ukingoni mwa bonde huku mandhari ya Longonot yakiuvuta uso wa msafiri upande wa kushoto. Mwendeshaji mgeni kwa mashine yake huingia kwenye kona akiamini anakwenda taratibu. Kisha analikuta lori mbele yake, likishuka kwa gia nzito, na ndipo anapong'amua jinsi lilivyomkaribia haraka.

Hesabu ya kona ni kali kuliko hisia. Chukua kona ambayo, kama ingekamilika kuwa duara, ingekuwa na mita 30 kutoka katikati hadi ukingoni. Kuipita kwa kilomita 40 kwa saa kunahitaji pikipiki ilale kwa takriban digrii 23, kiasi ambacho mtu yeyote mtulivu anakimudu. Kwa kilomita 60 kwa saa, kona hiyo hiyo inahitaji digrii 43. Kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini kazi inayotakiwa kwa tairi imezidi mara mbili, kwa sababu nguvu inayomsukuma mtu nje ya kona huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwenye lami safi na kavu, digrii 43 zinawezekana kwa mjuzi. Kwenye lami iliyomwagikiwa na vumbi au dizeli haziwezekani kwa yeyote.

Upya wenyewe nao ni tatizo

Kuna dhana kwamba pikipiki ni salama zaidi siku inapotoka dukani. Katika mambo mengi ni kweli, ila si katika mambo yanayogusa barabara. Tairi mpya ina uso laini unaoteleza, na haipati mshiko wake kamili hadi uso huo ukwaruzwe na lami, kwanza katikati kisha taratibu kuelekea pembeni. Anayetoka dukani na kwenda moja kwa moja barabara iliyonyooka hadi Nakuru hukwaruza utepe wa katikati tu. Akiingia kona za milima ya Tugen akiwa na kilomita 200 kwenye mita, pembeni mwa tairi zake bado ni kama siku zilipotoka kiwandani, na hapo ndipo anapoanza kuzilalia.

Pedi za breki nazo huhitaji kuzoeana na diski kabla ya kuuma sawasawa. Injini ina vyuma ambavyo havijakubaliana bado. Kwa kilomita 1,000 za kwanza, watengenezaji hutaka isilazimishwe kuzunguka kwa nguvu zake zote, na pia isiachwe izunguke kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Mwongozo wa BMW unamshauri mwenye pikipiki mpya atafute barabara za kona na vilima vya wastani badala ya barabara kuu, mradi aende kwa utulivu. Mlima, basi, ndio mahali pafaapo kwa injini mpya, ila haumvumilii mwendeshaji mpya mwenye haraka.

Kutoka Marigat hadi Iten

Kenya ina barabara nyingi za kumfunza mtu somo hili, lakini ni chache zinazolipanga vizuri kama ile inayotoka Marigat, ikapanda Kabarnet, ikashuka hadi Mto Kerio na kupanda tena hadi Iten. Marigat iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Kabarnet karibu 2,000, na Iten 2,400. Katikati yake kuna Bonde la Kerio, ambalo humtaka msafiri arudishe karibu kimo chote alichokipanda kabla ya kuanza upya. Ni milima miwili kwa siku moja, na lami sehemu kubwa ya njia.

Mwendo wa kupanda ndio unaoleta furaha isiyo na lawama. Nguvu za injini zinatosha na kubaki. Katika mwinuko wa Iten, hewa ni nyembamba kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na injini inayovuta hewa pungufu hutoa nguvu pungufu kwa kiasi kicho hicho. Kwa pikipiki ya nguvu 12, yenye abiria na gunia la viazi, upungufu huo ndio unaomlazimu mhudumu wa bodaboda kurudi gia ya kwanza. Kwa pikipiki ya nguvu 145, hakuna anayeutambua, zaidi kwa vile mitambo ya kisasa hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe, kazi ambayo kabureta za zamani hazikuweza.

Mlima pia humsaidia anayepanda kwa njia moja rahisi: ukiachia mafuta, pikipiki hupunguza kasi mara moja. Makosa ya kupima kona husameheka. Anayepanda kutoka Marigat hufika Kabarnet akijiona fundi, na kwa haki, maana ameingia na kutoka kona nyingi bila kugusa breki sana.

Ustadi anaokuwa ameupata, hata bila kuujua, ni ule wa kuusukuma usukani kinyume na mazoea ya mawazo. Pikipiki inayokwenda zaidi ya mwendo wa kutembea haigeuzwi kama gari. Anayetaka kwenda kushoto huusukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu linaelekea kulia kwa nukta moja, mwili wa pikipiki unalala kushoto, na kona inaanza. Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili walioruka kwa ndege mwaka wa 1903, alikuwa mtengenezaji wa baiskeli na aliwahi kuona kwamba waendeshaji wengi walifanya hivyo pasipo kujua kwamba wanafanya. Katika mashine nyepesi mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kulijua. Katika mashine ya kilo 300, siku kona inapokaza ghafla, kujua ni mkono upi wa kusukuma kunaweza kuwa tofauti kati ya kubaki kwenye lami na kuifuata korongo.

Jicho nalo lina nafasi yake. Pikipiki huenda kunakotazamwa. Anayekodolea macho jiwe lililo kando ya barabara hulifuata hadi aligonge, si kwa uchawi bali kwa sababu mikono hutii macho. Waalimu wa uendeshaji husisitiza kugeuza kichwa chote kuelekea mwisho wa kona, hata inapokuwa kona kama kiwiko ambayo mwisho wake uko karibu nyuma ya bega. Jambo hilo ni rahisi kulitamka. Ugumu wake hujitokeza pale ambapo upande wa pili wa lami hapana ukingo ila anga ya bonde.

Joto la mteremko

Kutoka Kabarnet hadi mto, halafu kwa anayesafiri upande wa pili kutoka Iten kupitia Tambach, ndiko maswali magumu huulizwa. Mteremko wa Tambach unashuka zaidi ya mita 1,000 katika kona zinazofuatana. Pikipiki pamoja na mwendeshaji na mizigo yake inapofikia kilo 350 na kushuka mita 1,200, nguvu inayotolewa na mvuto wa dunia inatosha kuzichemsha takriban lita 12 za maji ya bombani. Nguvu hiyo ni lazima iende mahali. Sehemu ndogo huchukuliwa na upepo. Inayobaki hugawanywa kati ya injini na breki, na ni mwendeshaji anayeamua mgao wenyewe kwa mkono na mguu wake.

Akishuka kwa gia ya juu huku amekamata breki mfululizo, joto lote huingia kwenye diski na pedi, na kutoka hapo hupenya hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Tatizo ni kwamba hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miezi inavyopita, na yakishanyonya vya kutosha yanaweza kuanza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hukandamizika. Mwendeshaji hukamata mkono wa breki ukafika hadi kwenye usukani bila pikipiki kusikia lolote. Watengenezaji wengi hutaka mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, pikipiki iwe imetembea au imelala gereji.

Dawa yake inajulikana na kila dereva mkongwe wa lori: shuka kwa gia ya chini na uachie injini ikuzuie. Katika mteremko mkali, gia ya pili au ya tatu hufanya kazi kubwa kimyakimya, na breki hubaki kwa ajili ya kona na dharura, zikikamatwa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kuachiliwa zipoe. Kinyume cha hayo ni kushuka klachi ikiwa imekamatwa, jambo ambalo waendeshaji wengi wapya hulifanya kila wanapoingiwa na hofu. Klachi ikikamatwa, injini imetengwa na gurudumu, na pikipiki inateremka bure kama lori lililotolewa gia. Wakenya wanaofahamu historia ya barabara ya Salgaa hawahitaji kuelezwa madhara ya malori kushuka hivyo.

Mazoea mengine yanayohitaji kuachwa ni ya mguu wa kulia. Wengi waliojifunza kwa pikipiki ndogo huogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma. Katika mteremko, uzito wote huhamia mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi na kukosa mshiko. Breki ya nyuma pekee katika hali hiyo haisimamishi mashine ya kilo 350. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, ikikamuliwa taratibu na kuongezwa, wala si kunyakuliwa.

Kinachoweza na kisichoweza kufanywa na kompyuta

Muuzaji atasema kwamba mambo hayo yote yameshughulikiwa na mitambo. Amesema kweli kwa sehemu. Mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kujifunga breki zinapokamatwa kwa ghafla, uliwekwa na BMW kwenye pikipiki zake mwaka wa 1988, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliulazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini kubwa kuanzia 2016. Tangu miaka ya 2010, mifumo bora zaidi hupima pia pikipiki imelala kwa digrii ngapi na kupunguza breki au nguvu za injini ipasavyo. Ni maendeleo makubwa, na yameokoa watu.

Hata hivyo, mitambo hiyo hugawa mshiko uliopo. Haiwezi kuunda ambao haupo. Juu ya changarawe iliyosombwa na mvua hadi katikati ya kona, kompyuta itazuia gurudumu lisijifunge, na pikipiki itaendelea mbele huku gurudumu lake likizunguka vizuri. Wala haioni. Haijui kwamba nyuma ya mwamba kuna ng'ombe.

Na katika Bonde la Kerio wapo ng'ombe, na mbuzi zaidi. Wapo watoto wanaotoka shule, bodaboda bila taa ya nyuma, matuta ambayo rangi yake ilifutika, na mawe makubwa yaliyopangwa barabarani kuonya kuhusu lori lililoharibika, ambayo hubaki pale pale lori likishaondoka. Kipimo cha kasi kinachofaa ni kimoja: umbali unaoonekana kuwa wazi. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hula zaidi ya mita 16 kila sekunde, na sekunde moja ya kwanza huenda katika kushtuka tu. Kona inayoonyesha mita 25 za lami haiwezi kuingiliwa kwa kasi hiyo, hata kama tairi zinaimudu.

Hapa pia ndipo vitabu vya ughaibuni hupotosha. Vingi hufundisha kuingia kona kutoka upande wa nje ili kuona mbali zaidi. Nchini Kenya, ambako magari huenda kushoto, kona ya kushoto inayoingiwa kwa njia hiyo humweka mwendeshaji karibu na mstari wa katikati, mahali ambapo matatu inayotoka upande wa pili huenda imeukata mstari huo. Na katika kona ya kulia kuna mtego ambao wageni hawautambui hadi waonyeshwe: magurudumu yanaweza kuwa ndani ya mstari, lakini kwa kuwa pikipiki imelala, kichwa na bega la mwendeshaji viko upande wa magari yanayokuja. Wazoefu wa barabara hizi hukaa katikati ya upande wao na kukubali kwenda polepole.

Chini kabisa, barabara huvuka Mto Kerio penye korongo la Cheploch, ambako vijana hujirusha majini kutoka kwenye miamba mbele ya wasafiri wanaosimama. Ni mahali pazuri pa kusimama kwa sababu nyingine pia. Joto la hewa hupanda kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kushuka, na koti zito lililomfaa mtu asubuhi kule juu sasa linamchemsha. Kiu na uchovu hupunguza umakini kabla mwenyewe hajajua. Nusu saa kivulini, chupa ya maji, na diski za breki zinapata muda wa kupoa. Asiziguse kwa kidole.

Kubaki sasa ni kupanda kuelekea Iten, ambako wanariadha huonekana wakikimbia kandokando ya lami, wengine wawili wawili, hivyo kila kona ya mwisho huingiwa kwa kudhani kuna mtu. Mwendeshaji akifika juu na kuegesha, afanye hivyo pikipiki ikiwa kwenye gia ya kwanza na pua yake ikielekea mlimani; stendi ya pembeni hukunjika pikipiki inapoteleza mbele. Kisha atazame tairi zake. Sehemu iliyokwaruzwa itaonyesha bayana alivyolala katika kona, na pembeni kutabaki utepe laini ambao haujaguswa na lami. Kuna waendeshaji wanaoona aibu juu ya utepe huo na kurudi mtoni kwenda kuufuta. Katika siku ya kwanza ya pikipiki mpya, upana wa sentimita mbili hivi unatosha kabisa, na utapungua wenyewe kabla ya kilomita 1,000 kutimia na mafuta ya kwanza ya injini kumwagwa.